Hamu ya kupungua haitangulii, huja nyuma

"Nitaanza Jumatatu." "Acha kwanza harusi ya dada ipite." "Ramadhani ikifika nitapungua tu." Hapa Tanga mtu anayetaka kupunguza mwili hakosi tarehe ya kuanza. Tatizo ni kwamba tarehe ikifika, anaisogeza. Wengi wanangoja hamu. Wanadhani iko asubuhi watakayoamka wamechukia chapati na wamependa mbio, na asubuhi hiyo haiji. Kwa walio wengi hamu huzaliwa baada ya kazi kuanza, pale dera linapolegea kifuani au mtu anapofika ghorofa ya pili bila kuhema. Kwa hiyo jiulize ni jambo gani dogo unaloweza kulifanya hata siku ambayo huna hamu nalo kabisa. Ukilipata, hamasa utaikuta njiani.

Kabla ya hapo, tafuta sababu. "Afya" haitoshi, ni pana mno. Chukua daftari uandike namba kati ya 0 na 10: kupungua kuna uzito gani kwako sasa hivi? Tuseme umeandika 5. Sasa jiulize kwa nini hukuandika 2. Usijiulize kwa nini hukuandika 9, maana hapo utaanza kutaja vikwazo: kazi, watoto, pesa, joto. Swali la kwa nini si 2 linakulazimisha utaje faida kwa mdomo wako mwenyewe, na mtu huamini zaidi anachokisema yeye kuliko anachohubiriwa. Swali hili limetoka katika namna ya ushauri iliyoanzishwa na wanasaikolojia William Miller na Stephen Rollnick, na hutumika kwa wanaotaka kuacha pombe na sigara pia.

Majibu yanayosaidia ni yale yanayoonekana kwa macho. "Nataka niswali tena bila kiti" ni sababu nzuri sana, kwa kuwa inakukumbusha mara tano kwa siku na siku ukifanikiwa utaijua bila kuambiwa. Nyingine ni kama "nipande baiskeli hadi Pongwe bila kushuka njiani", au "presha ishuke daktari asiniongezee kidonge cha pili". Wa magoti wana hesabu ya kuwatia moyo: utafiti wa Stephen Messier na wenzake wa Marekani, uliochapishwa 2005, ulionyesha kwamba kwa watu wazima wanene wenye ugonjwa wa magoti, kila kilo moja inayotoka hupunguza mzigo wa goti kwa kama kilo nne katika kila hatua. Kilo nne zikitoka, goti limetuliwa kilo kumi na sita, na bado hujafika popote karibu na mwili wa picha za mitandaoni.

Hilo ndilo watu wengi hawaambiwi: faida huanza mapema. Mwaka 2002 yalitolewa matokeo ya utafiti mkubwa wa Marekani wa kuzuia kisukari. Watu waliokuwa wakielekea kupata kisukari cha aina ya pili waliwekewa lengo la kupunguza asilimia 7 tu ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki. Walioishia kuugua walikuwa pungufu kwa asilimia 58 kuliko wenzao waliopewa kidonge kisicho na dawa. Kwa mtu wa kilo 90, asilimia 7 ni kilo 6 na kidogo. Anayejiambia lazima atoe kilo 30 ndipo iwe na maana anajivunja moyo kabla hajavaa viatu.

Vipimo vya siku ya kwanza

Huna haja ya mashine ya gharama. Futi ya fundi cherehani na mizani ya duka la dawa vinatosha.

Anza na kiuno. Simama wima, toa pumzi kawaida bila kuvuta tumbo ndani, zungushia futi katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Kwa wengi ni karibu na kitovu. Pima juu ya ngozi. Kwa mwanamke, kuanzia sentimita 80 hatari ya maradhi ya moyo na kisukari inaanza kupanda, na kuanzia 88 inapanda zaidi. Kwa mwanamume, mipaka ni 94 na 102. Kuna na njia ya mkato: kiuno kisifike nusu ya urefu wako. Mwenye urefu wa sentimita 160 akae chini ya 80.

Halafu uzito. Gawanya kilo zako kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mwanamke wa kilo 82 mwenye urefu wa mita 1.60: 1.60 mara 1.60 ni 2.56, na 82 ukigawanya kwa 2.56 ni 32. Kuanzia 25 ni uzito uliozidi, kuanzia 30 ni unene. Huyu lengo lake la kwanza liwe asilimia 5, yaani kilo 4. Likitimia, aandike jingine. Mwendo wa kawaida ni nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki, na wengi wataangukia kwenye nusu.

Pima mara moja kwa wiki, siku ileile, asubuhi baada ya kutoka msalani na kabla ya chai, ukiwa na khanga ileile. Uzito hupanda na kushuka kilo moja hata mbili kwa siku kwa sababu ya maji na chumvi tu. Ukila ubwabwa wa shughuli Jumamosi usiku na kupanda mizani Jumapili asubuhi, utaona namba ya kukutisha ambayo si mafuta. Wanawake wengi hubeba maji siku za kabla ya hedhi, kwa hiyo walinganishe wiki hiyo na wiki kama hiyo ya mwezi uliopita. Wiki ya kwanza nayo inadanganya kwa upande wa pili: wanga uliohifadhiwa mwilini hutoka pamoja na maji yake, kilo mbili zikaondoka haraka, kisha wiki ya tatu namba ikagoma. Wengi huacha hapo wakidhani mwili umekataa. Haujakataa, maji ya bure ndiyo yameisha. Pima na kiuno kila wiki mbili, kwa sababu kuna wakati mizani imesimama na kiuno kinaendelea kushuka.

Jikoni, hasa mafuta na nazi

Kama utabadili kitu kimoja tu mwezi huu, badili mafuta ya kupikia. Hayo hayamlazimishi mtu kulala na njaa. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina kalori kama 120, zaidi ya ndizi mbivu nzima, na hakuna tumbo linalotambua kama sufuria ilipata vijiko vitatu au vitano.

Fanya hivi. Ukifungua dumu la lita 5, andika tarehe juu yake kwa kalamu ya wino mzito. Likiisha, hesabu siku. Nyumba ya watu watano ikimaliza dumu kwa siku 30, kila mmoja amekula mililita 33 kwa siku, yaani kalori kama 270 za mafuta ya dumu peke yake, ukiacha bajia na maandazi ya nje. Lengo la kwanza ni dumu lifike siku 40. Hapo kila mtu amepunguza kalori 65 hivi kwa siku, na kwa mwezi ni kama robo kilo. Ni kidogo, nakubali. Lakini ni robo kilo ambayo hakuna aliyeilipia kwa njaa, na ni jambo ulilolifanya bila kungoja hamasa. Dumu linalofuata peleka siku 50.

Acha kumimina kutoka kwenye dumu, jicho halina kipimo. Weka kijiko cha chakula kando ya jiko, na mboga ya watu watano ianze na vijiko vinne, wiki ijayo vitatu. Kitunguu kikianza kushika chini, nyunyiza maji kidogo badala ya kuongeza mafuta. Kosa la wengi ni kukata mafuta yote siku moja. Siku ya tatu mume anakwenda kula hotelini na watoto wanasusa, na mradi mzima unakufa kwa ugomvi. Usitangaze. Punguza kijiko kwa wiki, hakuna atakayeuliza.

Kwa maandazi na vitumbua, moto ndio unaoamua. Mafuta yasipochemka vizuri, unga hukaa mle muda mrefu na kuyanywa. Dondosha kipande kidogo cha unga: kikibaki chini, subiri, kikipanda haraka na mapovu, ingiza. Na bado andazi ni andazi, moja linatosha na chai.

Nazi ndipo Mtanga atakapogoma, na sioni sababu ya kumwambia aiache. Nyama ya nazi mbivu karibu theluthi ya uzito wake ni mafuta, na kwenye tui la kwanza ndimo mengi yanamokwenda. Taabu inakuja pale wali ni wa nazi, maharage ya nazi na samaki wa nazi, vyote katika mlo mmoja. Kanuni iwe chombo kimoja cha nazi kwa mlo. Wali ukiwa wa nazi, maharage yachemshwe kwa nyanya na kitunguu na samaki awe wa kuchoma. Siku ya samaki wa kupaka, wali uwe mweupe au uwe ugali. Tui la pili na la tatu linatosha kabisa kwa mchicha na kisamvu.

Sukari nayo ina hesabu yake. Kijiko cha chai kilichosawazishwa ni gramu 4, na wengi hujaza kwa mlima. Vikombe vinne kwa siku vya vijiko vitatu ni gramu 48, na Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi kama gramu 25 kwa siku ikiwezekana. Shusha nusu kijiko kila wiki. Ulimi huzoea, hasa chai ikiwa na tangawizi na iliki za kutosha. Soda ya mililita 350 ina gramu kama 37, na kwenye chupa yoyote unaweza kusoma gramu kisha ugawanye kwa 4 upate vijiko. Machungwa ya Muheza yaleni kwa kumenya. Glasi moja ya juisi hula machungwa matatu au manne, nyuzinyuzi zinatupwa, na tumbo halijui kama limekula. Dafu lina sukari chache kuliko soda, ukilinywa moja hujaharibu.

Sahani: nusu yake iwe mboga za majani, robo samaki, dagaa, kunde au mayai, robo iliyobaki ndiyo ugali au wali, ukubwa wa ngumi yako. Wanaokula sinia moja na wenzao hawawezi kujua wamekula kiasi gani, maana mazungumzo yanaendelea na mkono unaendelea. Jipakulie sahani yako kabla sinia halijaondoka jikoni.

Miguu

Kutembea nusu saa kwa mwendo wa haraka humtoa mtu wa kilo 80 kalori kama 140. Soda ile moja inakaribia 150. Kwa hiyo anayetembea ili apate ruhusa ya kula hatapungua, na miezi miwili baadaye atasema mazoezi hayafanyi kazi. Tembea kwa ajili ya presha, sukari, usingizi na misuli isiyeyuke pamoja na mafuta. Kilo zitatokea jikoni zaidi.

Wiki ya kwanza dakika 10, siku tano. Kila wiki ongeza 5. Wiki ya tano umefika 30, na siku tano za dakika 30 ndizo zile 150. Mwendo sahihi ni ule unaoweza kuzungumza ila huwezi kuimba. Wakazi wa Ngamiani wamerahisishiwa na mitaa yao ya namba: ukianzia barabara ya kumi, wiki hii geukia ya nane, wiki ijayo ya saba, huhitaji saa wala simu. Wanaopenda upepo wana njia ya kutoka Bombo kwenda Raskazone. Mji wetu ni tambarare na baiskeli hazina uhaba, kwa hiyo mwenye magoti mabovu aanze na baiskeli, kwa kuwa kiti kinabeba uzito.

Toka alfajiri au baada ya saa 11 jioni. Joto la Tanga lina unyevunyevu, jasho halikauki, na anayeanza saa 4 asubuhi atarudi na kichwa kinauma na hatatoka tena. Usitembee na kandambili, vidole hushika na unyayo huuma; raba za mtumba zenye soli nene zinatosha. Mapaja yanayosuguana huwarudisha nyumbani watu wengi kuliko uvivu: vaa taiti ndefu ndani ya dera au bukta ya kubana ndani ya suruali, na upake mafuta ya mgando kabla ya kutoka.

Jinsi ya kufunga jambo lisisahaulike

Mwanasaikolojia Mjerumani Peter Gollwitzer alionyesha kwamba mpango wa "ikiwa hivi, basi vile" hutekelezwa zaidi kuliko nia tupu. "Nitafanya mazoezi" ni nia. "Nikimaliza kuswali Alfajiri, navaa raba kabla ya kuwasha jiko" ni mpango. Raba zilale mlangoni, taiti ilale juu yake. Kisha andika mpango wa mvua: "mvua ikinyesha, nasimama na kukaa kwenye kiti mara 10, napumzika, mara tatu." Masika ya Tanga yamewaangusha wengi kwa kukosa sentensi hiyo moja.

Siku 21 za kujenga tabia zinazotajwa kila mahali usizitegemee. Phillippa Lally na wenzake wa London, mwaka 2010, walikuta wastani wa siku 66 ndipo tabia ikafanyika bila kufikiri, wengine siku 18, wengine waliokadiriwa kufika 254. Walikuta pia kwamba kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Anayekula biriani ya harusi Jumamosi na kusema "basi nimeshaharibu, nitaanza tena mwezi ujao" anapoteza wiki nne kwa ajili ya sahani moja.

Maneno ya watu yaandalie jibu mapema. Kwetu mtu akinenepa huambiwa mambo yamemnyookea, akipungua huulizwa kama anaumwa, na wengine hunong'ona kabisa. Jibu fupi na la kweli: "Napunguza kwa makusudi, magoti yananisumbua." Usieleze zaidi, ukieleza utaanzisha kikao. Kwa mwenyeji anayelazimisha sahani ya pili, omba akufungashie. Heshima yake imebaki na tumbo lako limebaki. Mkiwa marafiki wawili mnaotoka pamoja ni bora, ila mkubaliane kwamba mmoja asipotokea ndani ya dakika 5 mwingine anaondoka.

Ramadhani yenyewe haipunguzi mtu. Kinachoamua ni futari: kaimati za shira, tambi za sukari, mihogo ya nazi na sharubati juu yake hurudisha yote ya mchana na ziada. Tende tatu, maji, uji usio na sukari nyingi, kisha swali kwanza ndipo upakue chakula. Usiku ulale, anayelala kwa muda wa saa nne tu huamka na njaa isiyo ya kawaida.

Vitu vinavyouzwa

Chai nyingi za kukata tumbo huwa na majani ya kuharisha. Unatoa maji na choo, mizani inashuka siku mbili, mafuta yako palepale. Mikanda ya kutoa jasho ni hivyohivyo. Ndimu na maji ya moto haviyeyushi kitu, ingawa ni kinywaji kizuri badala ya soda. Vidonge visivyo na jina la kiwanda ni hatari zaidi: sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya moyo na kiharusi, imewahi kukutwa imefichwa ndani ya bidhaa zinazoitwa za mitishamba. Moyo ukienda mbio na kinywa kukauka baada ya kumeza "mitishamba", acha na uende hospitali. Dawa halali ina usajili wa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba.

Nani aanzie kwa daktari

Mwenye kisukari anayetumia insulini au glibenklamaidi asipunguze chakula kabla dozi haijaangaliwa, sukari inaweza kushuka ghafla: jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa. Dawa za presha nazo zaweza kuhitaji kupunguzwa kadiri kilo zinavyotoka, dalili ni kizunguzungu mtu akisimama. Mjamzito asianze kupunguza uzito, na anayenyonyesha aulize kliniki kwanza. Maumivu ya kifua au kuhema ukiwa umelala ni ya hospitali leo, si ya matembezi.

Na kama umenenepa haraka bila kubadili chakula, uliza dawa unazotumia. Prednisoloni, insulini, baadhi ya dawa za magonjwa ya akili na, kwa baadhi ya wanawake, sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu huongeza uzito. Tezi ya thairoidi ikilegea nayo huleta uchovu, baridi na kilo chache. Usiache dawa mwenyewe. Nenda na vidonge vyako vyote kwenye mfuko, pamoja na karatasi yenye uzito na kiuno cha wiki nne zilizopita, ili daktari aone mwendo na aamue kama kuna dawa ya kubadilishwa.